Mto Uko Pale, Samaki Wako Hapa

Watu wa Hewani wanajua kila kitu kuhusu kuyazuia maji yasiingie ndani. Wanajua ukuta upi wa udongo utayeyuka kwanza, mwembe upi unafaa kufungia mtumbwi, na lini magunia ya mpunga yapandishwe darini. Mto Tana umewapa elimu hiyo bila kuwauliza habari ya karo. Kuyazuia maji yasitoke ndani, hilo hawakufundishwa, kwa sababu hajawahi kutokea mtu katika kijiji hiki aliyetaka yabaki. Ndipo nikaja mimi, mwalimu, na tangi langu la kioo.

Tangi lilitoka Malindi, kwenye hoteli moja iliyofunga milango na kuuza vyote mpaka pete za mapazia. Urefu wake sentimita 90, upana 40, kimo 45. Lilipanda matatu likiwa limevishwa godoro, likashuka Minjila, likamalizia safari kwa tuktuk, na njia nzima dereva akitaka kujua maiti ni ya nani. Nilipomwambia ni nyumba ya samaki alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo tangu hapo nimeulizwa na kila mtu kutoka Wema hadi Ngao: "Kwani mto umehama?"

Swali si baya. Mto uko pale, karibu na jikoni kuliko ningependa. Una ngege, una kambare, una hata mamba wa kuwalinda. Usichokuwa nacho mto ni kioo. Tana huanzia huko Aberdare na Mlima Kenya, hupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, husafiri karibu kilomita 1,000, na ukitufikia huwa umebeba udongo wa watu wote wa bara. Samaki wa humo utamwona akiwa kwenye sufuria. Mimi nilitaka tuonane kabla ya hapo.

Basi nikajaza tangi maji ya mto, nikapata lita 144 za chai ya maziwa, na ndani yake kambare mmoja niliyemtambua kwa kusikia tu, akigonga kioo. Nyanya akashauri shabu, ile tunayokorogea maji ya kunywa. Shabu hulikusanya tope likashuka chini, hilo kweli, lakini pia huyatia maji asidi, na kambare mwenyewe akipiga mkia mara moja tope lote hurudi juu kuuliza limeitiwa nini.

Dawa ya tangi la namna hii ni kuliwekea tangi la pili chini yake, ambalo wafugaji wa samaki wa mapambo huliita sampu. Maji hufurika kutoka juu yakashuka kwa bomba, huingia kwenye vyumba vya tangi la chini, huenda polepole, huangusha tope, hupenya kwenye sifongo na vigae wanamoishi vijidudu vya kula uchafu wa samaki, kisha pampu ndogo huyarudisha juu. Mkulima yeyote wa hapa anaijua kanuni hii. Mafuriko yakitulia shambani, maji huacha rutuba yakaenda zake. Nikamweleza mama watoto kwamba sampu ni mafuriko yaliyofugwa, na kwamba tutayaweka sebuleni. Hadi leo sielewi kwa nini sentensi ile haikumfurahisha.

Nilipotangaza kwamba natafuta kitu cha kujengea sampu na gundi ya kuiunganishia, baraza la chini ya mwembe lilikaa bila kuitwa.

Mjomba mmoja aliyewahi kuunda mashua Kipini, pale mto unapoingia baharini, hakuwa na shaka: mbao, kalafati, kisha sifa na deheni. "Vyombo vimekwenda Arabuni vikarudi kwa hayo," alisema, "sembuse samaki wako asiyekwenda popote." Hoja yake ilikuwa na uzito. Pamba ya kalafati hugongewa kwenye mianya, mbao zikinywa maji huvimba zikaibana, na chombo huzidi kukazika kadiri kinavyolowa. Lakini mashua huzuia maji yaliyo nje. Pamba imegongewa kutoka nje, na bahari inaisukuma izidi kuingia. Ukiyaweka maji ndani, yataisukuma pamba irudi ilikotoka, na umejenga mashua iliyogeuzwa fulana. Kisha kuna ile sifa yenyewe, ambayo ni mafuta ya maini ya papa. Zipo harufu ambazo hakuna ndoa itakayozistahimili sebuleni, hata iliyofungwa kanisani mbele ya wachungaji wawili.

Fundi mwashi akapendekeza saruji, maana yeye hata ukimuuliza saa atakupendekezea saruji. Birika la saruji linafaa kwa samaki, mradi uwe na subira: saruji mpya hutoa chokaa, maji yakawa makali kwa upande wa pili wa asidi, na matamvua ya samaki yakaungua. Unalijaza, unalimwaga, unalijaza tena, wiki baada ya wiki, hadi litulie. Tatizo langu lilikuwa jingine. Birika la saruji likishakaa sebuleni halihami mpaka nyumba ihame.

Jirani yake, fundi wa ndoo na vibatari, akajitolea kunikunjia bati na kulitia lehemu kwenye pembe. Bati limepakwa zinki, na zinki ikiyeyuka majini ni sumu kwa samaki. Lehemu nyingi nazo zina risasi ndani yake. Nilimshukuru kwa heshima zote. Fundi viatu alikuja na kopo la ile gundi yake ya njano. "Hii inashika soli ya buti la polisi," akasema, "itashindwa na kambare?" Haishindwi. Ila gundi ile imejaa kimiminika kinacholevya binadamu kwa harufu tu, na binadamu walau anaweza kutoka nje akapunga hewa. Samaki anaishi ndani ya kile anachokivuta. Hana dirisha la kufungua. Fundi wa bodaboda alileta silikoni nyekundu ya kufungia injini, akaieleza kwa kirefu inavyostahimili joto. Nilimuuliza kama aliwahi kumwona samaki anayechemka akiwa bado hai. Akasema anaweza kujaribu.

Baraza lote lilikuwa likiuliza gundi ipi ina nguvu, na hilo ndilo swali ambalo muuza duka hupenda kuulizwa. Gundi haina nguvu yake yenyewe. Ina nguvu juu ya kitu fulani. Silikoni na kioo ni ukoo mmoja, vyote vina asili ya silika, na vikikutana vikiwa safi hushikana mpaka wembe uingilie kati. Silikoni hiyo hiyo ukiipaka kwenye akriliki, ile plastiki ya kung'aa inayofanana na kioo, itakaa kwa muda kisha ibanduke kwa ukanda mmoja mrefu. Akriliki inataka kiyeyushi chake, kinachozilainisha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Gundi ya paipu za PVC nayo hufanya vivyo hivyo: haigandishi, inayeyusha, na ndiyo maana ukikosea kuunganisha kiko huna la kubandua, unakata na kuanza upya. Epoksi ya mirija miwili haina ubaya ikikomaa sawasawa. Supagluu hushika kwanza vidole vya fundi, na ikikauka huwa ngumu na kavu. Ukuta ukinyumbuka kidogo, inavunjika. Halafu kuna plastiki za ndoo na mitungi, polithini na polipropilini, ambazo hukataa karibu gundi zote bila ubaguzi. Mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia una msimamo ambao ningeupendekeza kwa wabunge.

Na anayetaka kujua gundi inapambana na nini, afanye hesabu kidogo. Maji yenye kina cha sentimita 40 yakiegemea kioo chenye urefu wa sentimita 90 hukisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 72 hivi. Huyo ni mtu mzima, ameegemea gundi yako usiku na mchana, hachoki, hali, haendi msalani. Upana wa tangi hauhusiki kabisa; ni kina na urefu wa ukuta tu. Liwe la upana wa dhiraa moja au la upana wa delta, yule bwana ni yule yule.

Nikaamua kioo na silikoni. Kioo cha milimita 6 nilikatiwa Garsen, na silikoni nikaenda kuinunua duka la vifaa vya ujenzi, ambako muuzaji alinipa ya bafuni. Nilisoma mgongo wa mrija. Ilikuwa na dawa ya kuua ukungu. Sasa, dawa inayoua ukungu bafuni mwaka mzima haitafika kwenye tangi ikaona samaki ikasema samahani. Nikamwambia nataka ile tupu, isiyo na dawa yoyote, inayonuka siki inapokauka.

"Mzee, silikoni ni silikoni."

"Ingekuwa hivyo usingekuwa na aina tano kwenye rafu."

"Hizo ni rangi."

Tulibishana mpaka wateja wengine wakaweka chini misumari yao ili wasikilize vizuri. Harufu ya siki, nilimfafanulia, ni asidi inayotoka silikoni inapoganda, na ikishaganda na kuoshwa hakuna kinachobaki. Lakini harufu peke yake haitoshi, kwa kuwa zipo za bafuni zenye siki pia, kwa hiyo husomwa mrija, hainuswi tu. Mama mmoja aliyekuja kununua kufuli akaniuliza kama siki hiyo inafaa kwa kachumbari. Mwishowe mrija mtupu ulipatikana nyuma kabisa ya rafu, chini ya vumbi. Vumbi lile lilinipa wasiwasi, kwa sababu silikoni iliyopitwa na wakati hubaki laini milele. Nikatazama tarehe, ilikuwa bado ina uhai. Nikanunua na chombo chake cha kusukumia.

Chombo hicho kina mshikio, kina kifyatulio, kina mtutu. Muuzaji alikifunga kwenye gazeti, kwa nia njema. Barabara zetu hazikosi vizuizi, na kwenye kimojawapo askari alipapasa mfuko wangu, akasimamisha mkono, kisha akazungumza kwa upole wa kutisha.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Cha kusukumia gundi, afande."

"Gundi ya nini?"

"Ya tangi la samaki."

"Unakwenda wapi?"

"Hewani."

"Hewani ile ya kando ya mto?"

"Hiyo hiyo."

Alinitazama kwa muda, akalifungua gazeti, akalifunga tena, akanirudishia mzigo wangu. Nadhani aliona kwamba mtu anayejenga nyumba ya samaki kando ya mto si hatari kwa usalama wa nchi, labda kwa familia yake tu.

Kuta nilikuwa nazo. Za kugawia vyumba vya ndani nilizipata bila gharama: vioo vya luva. Ni vinene vya kutosha, upana wake karibu uwe umepimwa kwa ajili ya kazi hii, na kingo zake ndefu zimesagwa, hazikati mkono. Vya kwangu vilikuwa vimepangwa vizuri kabisa kwenye dirisha la chumba cha kulala. Mama watoto aligundua usiku, kupitia mbu. Nilimwambia hewa inapita vizuri zaidi. Akaniuliza hewa ile imekuja na ndugu zake wangapi.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya utulivu. Unasafisha kingo kwa spiriti mpaka zilie ukizipitishia kidole, unaacha nafasi ndogo ili silikoni isikamuliwe yote nje, unasukuma mstari mmoja bila kusita, unashikilia kwa tepu, na hakiguswi na mtu. Kwa unyevu delta hatuna umaskini, na silikoni hukaushwa na unyevu wa hewa, hivyo nilijiona nimebarikiwa kijiografia. Ila hukauka kuanzia nje kwenda ndani, kama milimita mbili au tatu kwa siku. Ngozi hutangulia. Ukiigusa inakuambia tayari, na ndani bado ni uji. Pia hakuna kitabu kinachokutahadharisha kuhusu jioni za Hewani, ambapo kila mbu wa Tana River huja kuona taa. Kiungo changu kimoja kilipomalizika kilikuwa na mbu wengi kuliko silikoni, wamepangana miguu juu, na nikawaacha humo kwa kuwa silikoni mpya haishiki vizuri juu ya iliyokauka. Kukarabati ni kukwangua yote na kuanza mwanzo.

Kisha shemeji akaja kutusalimia kutoka Tarasaa.

Shemeji ni mtu mwema, mwenye mkono wa kusaidia. Alinikuta sipo. Akaliona tangi jipya, akalibonyeza kwa kidole, akaridhika. Na kwa kuwa hataki shemeji yake asumbuke kuteka maji jioni, akalijaza: lita 45, ndoo baada ya ndoo. Aliposimama kujipongeza, kona moja ilianza kutoa uzi mwembamba wa maji. Akaweka kidole gumba. Kona ya pili. Akaweka gumba la pili. Hapo binadamu ameisha, na kona zilikuwa nne.

Ukuta wa mbele ulilala polepole, kwa adabu, wala haukuvunjika. Maji ndiyo hayakuwa na adabu. Yalipita chini ya kiti, yakavuka kizingiti, yakakutana na mpwa wangu mdogo aliyekuwa akiingia. Mtoto akageuka na kukimbia kijiji kizima akipiga kelele: "Maji! Maji yameingia!"

Mahali pengine hiyo ni habari. Hewani ni amri. Kumbukumbu za mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024 zilikuwa bado mbichi, na hakuna aliyesubiri kuuliza maji gani. Nyanya aliwafungua mbuzi. Jirani wa kulia alipandisha godoro juu ya mwembe, akampandisha na mkwewe. Jirani wa kushoto, mtu ambaye humchukua wiki nzima kuitikia salamu, alikuwa tayari kwenye mtumbwi na redio, kuku wawili na hati ya shamba. Mtu alipiga simu Garsen kuwaambia jamaa wasilale. Mzee wa kijiji alifika na daftari kuandikisha kaya, na kwa kuwa alikuwa ameshafungua ukurasa, akaanza.

Nilirudi nikakuta watu wote kwangu, wamesimama kuzunguka mita tatu za sakafu yenye maji, na shemeji katikati akiwa bado ameinua vidole gumba viwili. Hakuna aliyecheka. Watu waliokwisha kupanda mwembe hawacheki haraka. Mzee wa kijiji alitazama maji, akatazama daftari, akauliza kama msaada wa chakula utahesabiwa.

Msinicheke sana nanyi, wasomaji. Kuyazuia maji katika delta hii kumewashinda wenye fedha. Mradi wa mpunga wa Tana Delta, wa mamlaka ya serikali iitwayo TARDA, ulioungwa mkono na Japani, ulikuwa na matuta, mifereji na pampu za kweli. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalipokuja yaliuvuruga, ukalala miaka mingi. Hao walikuwa na wahandisi. Mimi nilikuwa na shemeji.

Ningeweza kukwangua kioo na kuunganisha upya, na mjini hivyo ndivyo ningefanya. Lakini silikoni inahitaji siku za kuachwa peke yake, na katika nyumba ya Kipokomo hakuna kitu kinachoachwa peke yake hata kwa saa moja. Yupo mtoto, yupo kuku, yupo mgeni. Kiungo bora katika nyumba kama hiyo ni kile ambacho hakipo. Nilichohitaji ni chombo cha kipande kimoja, kisicho na kona za kubembeleza, na plastiki zile zile zinazokataa gundi ndizo zinazotengenezewa vyombo vya namna hiyo. Basi nikatafuta dramu la bluu.

Dramu la kukata ubavuni hupatikana, shida ni historia yake. Muuzaji alisema lilikuwa na juisi. Nilitia kichwa ndani, nikanusa sabuni. Akasema juisi ya sabuni. La pili lilinuka kitu kilichonifanya nitoe kichwa haraka, na hilo ndilo alilotaka kunipunguzia bei. Lililobeba dawa ya shambani halioshwi likasamehewa; plastiki hunyonya, kisha hurudisha kidogo kidogo. La tatu lilikuwa na alama ya pembetatu yenye namba 2, na harufu hafifu ya achari ya maembe isiyotoka hata leo. Nikalichukua. Kambare hajalalamika, na ngege waliomfuata tangini naona wanakula vizuri zaidi.

Nusu ya dramu, imelazwa kwenye kitako cha mbao, hubeba kama lita 100. Vyumba sikuvijenga, nilipanga ndani yake ndoo za mafuta ya kupikia zilizotobolewa, moja ya kutulizia tope, moja ya sifongo, moja ya vigae. Wafugaji wa mjini huweka mawe, lakini ardhi yetu ni tope lililoletwa na mto, na unaweza kuzunguka Hewani asubuhi nzima usipate jiwe la kumtishia mbwa. Nyanya alinipa mtungi wake wa udongo uliopasuka, nikauponda. Bomba la kushuka nilipitisha kwa konekta ya tangi: nati nje, nati ndani, mpira katikati, hakuna gundi. Gundi pekee iliyobaki ni ya paipu kwa paipu, mahali inapostahili kuwa. Vioo vya luva vilirudi dirishani, vikiwa na mistari ya silikoni isiyobanduka, na mbu mmoja au wawili wa kumbukumbu.

Pampu yangu ni ya volti 12, inaendeshwa na sola na betri. Ilifanya kazi vizuri sana mpaka mpwa alipoona dramu halijajaa mpaka juu, akaona haya kwa niaba yangu, akalijaza. Saa nane za usiku betri ikaisha.

Pampu ikizimika, maji hayabaki juu. Yale yaliyo juu ya mdomo wa kufurikia hushuka, hayo si mengi. Lakini bomba la kurudishia maji, kama mdomo wake umezama ndani ya tangi la juu, hugeuka kuwa mrija wa kunyonya na kuyateremsha maji mpaka mdomo upate hewa. Wa kwangu ulizama sentimita 10. Zidisha 90 kwa 40 kwa 10: lita 36, zinashuka kuingia kwenye dramu ambalo mpwa amelijaza kwa mapenzi.

Nilisikia maji yakitembea sebuleni, na safari hii mama watoto ndiye aliyepiga kelele. Nilisubiri mbuzi, godoro, mtumbwi. Kimya. Kisha kutoka nyumba ya kulia sauti nzito ya usingizi ikasema, "Ni samaki wa mwalimu, laleni." Na ya kushoto ikaitikia, yule bwana wa wiki nzima, papo hapo: "Laleni!"

Tiba yake ni tundu. Unatoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka kidogo tundu linavuta hewa na unyonyaji unakatika. Tundu moja la msumari, baada ya gundi zote zile. Na kwenye dramu nimechora mstari mwekundu ambao maji hayapaswi kuuvuka, na mpwa ameapishwa.

Sasa maji yako safi, tangi la juu linaonekana mpaka ukuta wa nyuma, na jambo la ajabu ni kwamba hakuna anayelitazama. Wakati wa mvua watoto waliniletea samaki wadogo wa madimbwi ya kando ya barabara, wale ambao wataalamu huwaita Nothobranchius. Dume lake ni la rangi ambazo ukizivaa harusini utaambiwa umezidisha. Maisha yao hayafiki mwaka: dimbwi likikauka wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakingoja mvua ijayo, kisha yanaanguliwa na vifaranga vinakuwa wazazi baada ya wiki chache. Ughaibuni wapo watu wazima wanaotumiana mayai hayo kwa posta, ndani ya mboji yenye unyevu kidogo. Sikuweza kuwaweka juu pamoja na kambare, maana angewashukuru na kuwameza. Nikawatia kwenye chumba cha mwisho cha sampu, karibu na pampu, nikaikinga kwa sifongo. Samaki ambao kwao ni unyayo wa nyati uliojaa mvua sasa wana vyumba vitatu vya kusafishia maji. Wageni wakija huchuchumaa mbele ya dramu la achari, wanapeana zamu, na tangi la hoteli linabaki juu likipendezesha ukuta.

Kilichobaki ni kifuniko. Kambare huruka, na akianguka hafi upesi, kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa na huweza kujikokota kwenye sakafu yenye unyevu. Mama watoto alimkuta chini ya kitanda akielekea mlangoni. Tangu siku hiyo tangi linafunikwa kwa sinia kubwa la pilau. Juzi, harusi ya mpwa wake ikikaribia, alinisimamia kichwani.

"Sinia langu litatoka lini?"

"Nikipata plastiki inayofaa."

"Kifuniko nacho kinataka gundi?"

"Hakitaki."

"Basi kinachokuchelewesha ni nini?"

"Bawaba," nikamwambia. "Bawaba zitataka gundi."